Madam Loise wa Kinangop

Loise alikuwa akipangusa glasi za maji pale ukungu ulipoanza kutoka chini ya mlango wa nyuma wa ukumbi. Akachukua mopu, akakausha sakafu, akarudi kwenye glasi zake. Hoteli yao ya Deira ilikuwa imefungua Wiki ya Akadia: muziki, chakula na matembezi ya pwani moja ya Kanada, wanakoishi watu wanaosema Kifaransa chao cha tangu enzi.

Matembezi ya pwani, ndani ya ukumbi, Dubai! Lakini wenye hela wakitaka kutembea watatandikiwa. Zikatandazwa nyasi za plastiki kutoka jukwaani hadi mlango wa nyuma. Wageni walitoka kwa mlango ule wakiongea na simu, wakarudi pua zimekuwa nyekundu kwa baridi na mwani umenasa kwenye viatu. Watu wa usafi walinung'unika kuhusu mchanga, basi. Wafanyakazi walikatazwa kuikanyaga njia.

Chakula kilikuwa mabonge ya viazi vya kukuna, ya kijivu, yenye nyama ya nguruwe katikati. Ahmadi, mhudumu wa Tanga, aliyatazama mara moja tu.

"Mie hayo sishiki, dada. Nipe mikate nipeleke."

Kwa hiyo mabonge yakawa ya Loise. Viazi alivijua, kwao Kinangop ndiko vinakotoka. Mamake alikuwa akivilima hadi leo, akimsifu binti yake kwa kila aliyepita njiani. Tatizo lilianzia kwenye simu. Alipofika Dubai, Loise alipiga akasema, "Niko na madam," yaani bosi wake. Laini ilikuwa mbovu, mama akasikia, "Niko madam." Kinangop, madam ni mwalimu wa kike. Jumapili kanisa zima likampigia makofi Loise, mwalimu wa Dubai. Aliposimuliwa, angeweza kusahihisha. Akauliza habari za mvua.

Jumatano wapiga fidla walikuwa wamekaa vitini, wakicheza kwa upinde na kupiga sakafu kwa miguu yote miwili, kama ilivyo desturi yao. Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mamake Loise na gambuti zake za shamba, kichwani kitambaa, mkononi sufuria ndogo iliyofungwa kwa leso. Ukungu wa pwani ile na wa Kinangop hautofautiani sana. Njia ziligusana mahali fulani. Wapiga fidla hawakukosa pigo.

"Namtafuta Madam Loise," mama akasema. "Ni mwalimu hapa."

Meneja wa ukumbi, ambaye ndiye madam mwenyewe, aligeuka. "Loise, unamjua huyu?"

Loise alikuwa na aproni, na sinia la mabaki mikononi. Mamake alikuwa karibu kiasi cha Loise kunusa moshi wa jikoni kwake.

"Hapana, madam," akasema. Kisha akamgeukia mamake. "Karibu, madam. Keti hapa."

Mama akaketi. Akaletewa bonge, akaonja, akaliweka kando.

"Jamani! Viazi vya watu vimekosa nini hadi viteswe hivi?" Halafu akaitazama mikono iliyomwekea sahani. "Msichana, mikono yako imekauka. Pakaa mafuta."

"Ndiyo, madam."

Aliposimama aliacha sufuria mezani. "Mpe Madam Loise, akipatikana." Akashika njia ya plastiki na kupotelea kwenye ukungu. Nyuma yake ulibaki udongo mweusi, na Loise akaufagia.

"Dada," Ahmadi akamnong'oneza, "yule bibi mmefanana hadi masikio."

"Nyamaza, Ahmadi."

Kwenye basi la kampuni, wakirudi mabwenini Al Quoz, alifungua sufuria. Mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa bado moto. Akaifunika tena. Alilia waziwazi kwa aibu ya kumkana mtu aliyemtembelea kwa miguu, na abiria wenzake wakamwachia kiti kizima.

Wiki ikaisha. Nyasi zikakunjwa, na nyuma ya mlango kukawa na stoo ya viti, kama zamani. Loise akaomba pasi yake ya kusafiria, iliyofungiwa kwenye kabati la kampuni tangu siku alipotua, na likizo ya kwenda nyumbani. Madam hakuinua macho. "Yalla, rudi kazini. Mwaka ujao, inshallah." Mwaka uliopita alisema vivyo hivyo.

Ijumaa akapiga simu.

"Madam wangu!" mama akapokea. "Nilifika huko juzijuzi. Sikukupata."

"Nilisikia, Mami. Pole."

"Si neno. Kuna msichana wa kubeba sahani, alinikaribisha vizuri sana. Ana mama, huyo?"

"Anaye."

"Basi mwambie asijisumbue moyo. Mamake hajakasirika."

"Nitamwambia, Mami."

"Haya. Na wanafunzi wako, wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri," Loise akasema.