Mafuta ya Debe Lisilo na Chapa

Badriya alikuwa mdadisi tangu utotoni. Ukimwambia jambo ni la Mungu, atakuuliza Mungu amelipitishia wapi. Basi mumewe Hashil, mwenye duka Kariakoo enzi zile za Mwingereza, alipoanza kuburuta miguu, majirani walisema kijicho. Yeye akauliza mbona kijicho kimeanzia vidoleni. Maana kubadhi lilimvuka Hashil njiani bila habari, akafika msikitini mguu mmoja mtupu.

Mauza, jirani yao, naye hakuweza kusimama.

"Shoga, wewe na Hashil mlikula nini pamoja?" Badriya alimuuliza.

"Si wale samaki wako wa kukaanga, wiki mbili nyuma? Tulitapika sote wawili. Lakini tumbo lilipona kesho yake!"

Hapo udadisi ukamwasha. Yeye samaki wale hakuwagusa. Alikuwa akilipa siku zake za Ramadhani, na jioni alifuturu kwa uji na tende. Walikaangwa kwa mafuta ya debe lisilo na chapa, ambalo Hashil alilipata rahisi kwa mchuuzi wa bandarini. Mafuta meupe, hayana harufu. Sumu gani hiyo, imwache mtu apone, halafu imrudie miguuni? Hakujua, lakini debe aliliondoa jikoni siku hiyo hiyo, na moyoni alijisifu kidogo. Alistahili.

Ila kuyamwaga kulimuuma. Miguu iliyolegea dawa yake kuchuliwa, kila mwanamke wa mtaa ule alijua hivyo, na kuchua kunataka mafuta. Basi akayapasha moto, akamchua Hashil asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, kwa mapenzi yote. Miguu haikupata nafuu, naye akazidisha mafuta.

Siku moja, akishona kofia, aliona tone la damu kwenye kitambaa, akashangaa limetoka wapi. Sindano ilikuwa imesimama kidoleni mwake, wala hakuisikia.

Samaki wale hakuwala; mafuta yale aliyagusa kwa viganja tu.

"Bwana," alisema, "mafuta yale hayahitaji mdomo. Yanapita kwenye ngozi. Siku zote hizi nimekuwa nikikupaka ugonjwa." Akaanza kulia.

Hashil alimvuta mkono, akamfinya ncha ya kidole, kwanza polepole, kisha kwa nguvu.

"Unasikia?"

Badriya aliviangalia vidole vya mumewe vikimfinya, akatamani mno kusema ndiyo.