Swali Rahisi la Konokono

Darasa zima lilimwita Konokono, na mwenyewe alishazoea kuitika. Si kwamba alikuwa mjinga, hasha! Alikuwa mzito tu: ukimuuliza swali asubuhi, jibu atakuletea mchana, tena jibu la maana. Lakini nani ana subira ya kungoja mchana? Si mkuu wa shule, huyo sahau. Kila mwaka, kabla ya majina kupelekwa kwa ajili ya mtihani wa taifa, aliwakata wale aliodhani watamwangusha, wakakariri darasa.

"Huyu binti naye anakariri," alimwambia mwalimu wa hesabu, kalamu iko tayari mkononi.

"Akikariri hasomi tena, mkuu. Baba yake ameshaapa. Atampeleka kwa shangazi yake akalee watoto, na shule ndiyo basi."

Mkuu akaguna. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa asilimia, na hao wakati mwingine ndio wabaya zaidi. "Haya. Kesho naingia darasani kwako. Nikimwona anakwenda sawa na wenzake kwenye jambo gumu, jina linabaki. Ila usiniletee mchezo."

Mwalimu alitoka pale kifua mbele. Na kwa nini asitoke hivyo? Kwa kuandaa somo hakuwa na mpinzani. Wenzake walinakili maandalio ya mwaka juzi wakabadilisha tarehe. Yeye kila somo alilipika upya. Hakutaka kusikia habari ya maswali ya wanyonge na maswali ya vichwa. "Swali gumu ni la wote," alikuwa akiwaambia, "kazi yako wewe ni kumtafutia kila mtoto mlango wa kuingilia." Akamwita Konokono pembeni. "Kesho nakupa gumu kama wengine. Utaliweza, mwanangu." Binti akacheka kwa furaha, jambo ambalo hakulizoea.

Kesho yake mkuu alikaa dawati la nyuma, mikono kifuani. Mwalimu akaandika ubaoni: bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa nne, la pili kwa saa sita, na tobo la chini humaliza tangi zima kwa saa kumi na mbili. Vyote vikiwa wazi pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani?

Vichwa vikainama. Wale wa mbele wakaanza kukwaruza madaftari, wanaandika, wanafuta. Konokono hakuandika hata nukta. Alikodolea macho ubao, midomo inachezacheza. Mkuu akatazama saa yake. Akamtazama Konokono, akaitazama tena saa.

Hapo ndipo moyo ulipomsaliti mwalimu. Jamani, hofu mbaya! Aliona mtoto anakwenda kuaibika mbele ya watu, akamwonea huruma, na huruma nyingine ni sumu. Akamsogelea, akasema kwa sauti ili mkuu asikie, "Hebu wewe nijibu hili kwanza. Ndoo moja inajaa kwa dakika mbili. Ndoo tano je?"

"Kumi," alijibu Konokono papo hapo. Kisha akainua macho, akauliza taratibu, "Mwalimu, mbona mimi unanipa la watoto?"

Darasa likaangua kicheko. Mkuu akasimama, akajikung'uta suruali, akatoka.

Binti aliendelea kana kwamba hakuna aliyecheka. "Tuseme tangi lina ndoo kumi na mbili. Bomba la kwanza linaleta ndoo tatu kila saa, la pili mbili, tobo linakula moja. Zinabaki nne. Kwa hiyo ni saa tatu." Kicheko kikakatika. Wale wa mbele walikuwa bado wanafuta.

Mwalimu alikimbia. Ndiyo, mtu mzima, mbele ya wanafunzi wake, alikimbia hadi ofisini. "Mkuu, amelipata! Amewatangulia wote! Njoo umsikie mwenyewe!"

Mkuu alikuwa ameshapiga mstari. "Mwalimu, yule mtoto mimi simjui. Wewe ndiye unayemjua, na wewe ndiye uliyempa la watoto. Mimi nimekufuata wewe."

"Niliogopa, mkuu."

"Basi na mimi naogopa," akasema, akafunika kalamu.

Konokono alikuwa anangoja barazani. Mwalimu alimweleza bila kumficha: jina limekatwa, na kosa si lake, ni la mwalimu. Aliyelia ni mwalimu. Binti alisimama tu, akifikiri kwa mwendo wake uleule.

"Mwalimu, lile la tangi lilikuwa gumu kweli? Au nalo ulinipunguzia?"

"Gumu kweli! Haki ya Mungu, mwanangu, lilikuwa gumu."

"Haya, mwalimu. Asante," akaitikia kwa heshima, kama anavyoitikia mtoto aliyelelewa vizuri. Lakini hakuamini, na mwalimu aliona wazi kwamba hakuamini.