Volti Zisizokubaliana

Mwaka 1999 Amiri alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Chang'ombe, si ile ya Dar es Salaam bali ya bara, na ndani yake kompyuta moja ya mtumba aliyoitoa Dar es Salaam. Jumamosi moja mkewe, Lulu, aliipa kazi nzito: mahesabu ya mvua za Kondoa, kwa ajili ya ripoti ya kupeleka Morogoro, alikopata nafasi ya kusoma miaka miwili. Basi lake lilikuwa la kesho yake asubuhi.

Kompyuta ilijikokota. Amiri akaongeza kasi ya prosesa kupita ile iliyowekwa kiwandani, akaiongezea na volti kidogo ili istahimili. Ikakimbia, kisha ikaganda. Akaizima, akaiwasha. Ikaganda tena.

"Kwenye mipangilio ya kuwashia naona volti mbili na nukta moja," alisema. "Ile programu ya kupimia volti inasema moja na nukta tisa. Mita yangu ndiyo kabisa, inaruka kama panzi."

"Sasa unaongeza nini, na hujui iliyopo?"

Amiri alienda mlangoni, vumbi likampiga usoni, akarudi. Alipotaka kuongeza volti tena, Lulu alimshika mkono.

"Ukiiunguza, sina ripoti."

Akaiacha. Akachutama, akaangalia waya za mita. Ule mweusi alikuwa ameugusisha kwenye chuma kilichopakwa rangi. Akauhamishia kwenye chuma kitupu, na namba ikatulia: mbili na nukta moja.

"Anzisha mahesabu," alisema.

Lulu akaanzisha. Namba ikateremka taratibu mpaka moja na nukta tisa, kompyuta ikaganda.

"Kumbe zote zilikuwa sahihi," Amiri alisema. "Kwenye mipangilio inapimwa ikiwa imepumzika. Programu inaipima ikiwa kazini. Ikibeba mzigo, umeme unaishiwa nguvu. Pawasaplai, kile kifaa cha kuigawia umeme, imechoka."

Nyingine hakuwa nayo. Alirudisha volti ya kiwandani, akapunguza kasi hatua kwa hatua, akijaribu kila mara, mpaka mahesabu yakaenda bila kuganda. Hayakwenda mbio kama alivyotaka.

"Yangeisha tu hata ungeiacha ilivyokuwa," Lulu alisema. "Ulikuwa unakimbilia nini?"

Amiri alifuta mikono kwenye suruali. "Wanasema nitakuzuia usiende. Sikutaka ukose basi kwa sababu ya mashine yangu."

"Nani wanasema?"

"Watu. Na mimi mwenyewe, moyoni, nilikuwa nataka uchelewe."

Lulu alimsogezea kigoda. Amiri alikaa, macho kwenye mita.

"Nitarudi likizo," Lulu alisema.

"Najua."

Ripoti ilikamilika kabla ya magharibi. Amiri aliinakili kwenye disketi mbili, akazijaribu zote, akamkabidhi. Kisha akatoka kwenda kutafuta kamba ya kufungia mizigo, ingawa Lulu alikuwa ameshaifunga tangu asubuhi.