Kiwiko Changu na Springi za Pikapu

Mama mwenzangu unayesoma haya, kama nyumbani kwako kuna mgonjwa na kuna gari, vuta kigoda unisikilize. Yaliyotupata sisi yalianza kwa upendo, na baya linaloanza kwa upendo halibishi hodi. Linaingia na viatu vyake.

Mume wangu aliendesha pikapu yetu ndogo miaka kumi na tisa, akisambaza magodoro ninayoshona na wanawake wawili kwenye chumba cha mbele. Kisha kiharusi kikamshika upande wa kulia. Mkono ukalegea, mguu ukawa mzito, na maneno yakaanza kumtoka moja moja, kama matone ya bomba lisilofunga vizuri. Daktari alisema kila Alhamisi apelekwe mazoezini, la sivyo mguu utasahau kazi yake.

Shida ikawa kupanda. Ukiingia mlango wa abiria, mguu unaotangulia ni wa kulia, ndio huohuo mgonjwa, na sakafu ya pikapu iko juu. Tuliweka kigoda, kikapinduka, akaangukia bega. Tukajaribu kumbeba, mimi na mwanangu na jirani, akatutazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. Akasema, "Mimi. Si. Gunia." Tangu hapo hakuvuka geti. Miezi mitano alikaa dirishani akiitazama pikapu yake ikikusanya vumbi na majani, na mimi nikimtazama yeye akikauka.

Mwanangu wa kwanza anatengeneza fremu za vitanda, na watu wanamwita Rula kwa sababu hapiti bila kupima. Hata mkate anaupima kabla hajaukata. Siku moja alimsimamisha baba yake kwenye fremu ya mlango, akamwomba ainue mguu mpaka unapogoma, akachora alama kwa penseli. Akatoka nje akapima sakafu ya gari. Akarudi amenyoosha vidole vinne vilivyobanana.

"Vinne tu, mama. Baba hapandi, basi gari lishuke."

Fundi wa gereji alimwambia inawezekana. Nyuma kinawekwa kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, bodi inashuka. Mbele zinatolewa springi ndefu, zinawekwa fupi. Ila kwenye zile za mbele achague kwa akili, maana zipo fupi za kila namna.

Mchana wa siku ile nilisinzia kwenye cherehani. Nikaota pikapu inapiga magoti uani, taratibu, kama ng'ombe anayelala, na mume wangu anaikanyaga kama anayekanyaga mkeka. Barabara ikawa inapita chini yetu bila sauti, kama kitambaa kinavyopita chini ya sindano, na kila kilichokuwa mbele kikawa nyuma kimeshashonwa. Nilipoamka shavu langu lilikuwa juu ya foronya na mguu wangu bado unakanyaga. Nikasema hii ni ishara. Jihadhari na ndoto inayokupa kile ulichokuwa unakitaka.

Tulikwenda duka la spea wawili, mimi na Rula. Ni chumba kirefu chenye rafu hadi darini, na bati moja la plastiki linaloshusha mwanga wa kijani, ukiwa ndani unaona kama uko chini ya maji. Muuzaji ni mwanamke wa rika langu, miwani inaning'inia kifuani. Alituwekea juu ya meza jozi mbili za springi. Moja nene, yenye mistari miwili ya rangi ya njano. Nyingine nyembamba zaidi, ya mstari mweupe, iliyotoka kwenye gari dogo la kutembelea. Urefu karibu sawa.

Alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema gari likishashushwa, nafasi yake ya kwenda chini imepungua, kwa hiyo springi inatakiwa iwe ngumu, isikubali kuzama mpaka mwisho. Rula akatikisa kichwa, akaishika ile ya njano.

Sasa, nyumbani kwetu hakuna godoro linalotoka kabla sijalikandamiza kwa kiwiko. Ndiyo desturi ya nyumba. Rula amekua akiona wateja wakisubiri kiwiko changu kama wanaosubiri hukumu, na hajawahi kuona kikikosea. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikaisimamisha ile ya njano mezani, nikaweka kiwiko, nikailalia kwa uzito wangu wote. Ilikuwa kama kulalia ukingo wa barabara. Nikaigeukia ile nyeupe. Ikanipokea. Ikashuka kidogo, ikanirudisha, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mama," alisema muuzaji, "hapa tunauza spea. Vitanda ni duka la pili."

"Mwenye mgonjwa anajua anachotafuta," nikamjibu.

Nikamgeukia mwanangu. Nikamwambia mifupa ya baba yake ni ya kioo sasa, unataka kumkalisha juu ya nondo? Na machozi yakaja, sikuyaita lakini sikuyazuia. Rula alikuwa ameshika utepe wake wa kupimia. Akauachia ukajikunja wenyewe. Akamwambia muuzaji atufungie nyeupe, mkono wa mama haukosei.

Muuzaji alivaa miwani, akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Zitaingia," akasema. "Ila kuingia si kufaa."

Niliyasikia maneno hayo. Nikayaacha palepale mezani.

Fundi alipoziona aliuliza kama tuna hakika. Rula akasema tuna hakika. Kazi ikaisha kwa siku mbili, pikapu ikarudi uani imeinama, tumbo karibu na ardhi, kama ndoto yangu ilivyotaka. Alhamisi asubuhi mume wangu alishika mlango, akainua mguu, ukagota ukingoni, ukavuka. Akakaa. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Alijifunga mkanda mwenyewe kwa mkono wa kushoto na ikamchukua muda, sisi tumesimama kimya kama watu wa ibadani.

Rula akashika usukani, nami nikapanda kati yao, katika kile kiti kimoja kirefu. Nikueleze safari ile ilivyokuwa? Pikapu haikwenda, ilielea. Kila shimo tulilolijua lilikuwa limejaa pamba. Tulipokata kona tuliinama wote watatu upande mmoja, polepole, tukarudi polepole, na gari likiwa limesimama kwenye taa lilibaki linapumua. Miti ilipita dirishani bila haraka. Mume wangu alifumba macho, na kooni mwake mlikuwa na mvumo mdogo. Nikajua anaimba. Aliporudi alikula chakula chote.

Wiki nzima nilitembea juu ya sponji. Nilimwambia kila mteja springi nimechagua mimi. Hata jirani nilimwambia mara mbili.

Alhamisi ya pili hatukufika. Mwendo haukuwa mkubwa. Mwendesha baiskeli alikata mbele yetu, Rula akakanyaga breki, pua ya pikapu ikazama, na pale ilipozama palikuwa na tuta. Springi zangu laini zilikubali. Zilikubali kila kitu mpaka mwisho, na mwisho wake ni chuma juu ya chuma. Mlio ule niliusikia kwenye meno. Mume wangu alirushwa mbele, mkanda ukamrudisha, nyonga ya kulia ikajipinda chini yake. Hakulia. Alifungua kinywa, neno likakataa kutoka.

Hospitali walisema hakuna mfupa uliovunjika, alale wiki mbili. Nilishukuru. Lakini fundi alipoinua gari kwa jeki alituita tuinamie pamoja naye. Raba za kuzuia springi isigonge zilikuwa zimepasuka. Halafu akatuonyesha, kwa ncha ya bisibisi, mpira unaopeleka maji ya breki kwenye gurudumu la mbele. Gari lilipokuwa likizama lilikuwa linaubana, na tairi linausugua. Nyuzi zilikuwa nje.

"Siku tatu zaidi," akasema, "ungekanyaga breki ukakuta hewa."

Mama mwenzangu, hesabu nami. Mume na mtoto. Niliwapandisha wote wawili juu ya kiwiko changu.

Nyumbani, kabla sijavua viatu, Rula aliingia chumbani kwa baba yake akamwambia springi alichagua yeye, na alichagua vibaya. Nilikuwa mlangoni. Nikangoja kinywa changu kiseme, hakikusema. Mume wangu aligeuza uso ukutani. Siku iliyofuata Rula akamletea chai, akakataa. Nikamletea mimi chai ileile, akanywa. Ikawa hivyo siku sita. Mwanangu anaingia, baba anatazama ukuta. Naingia mimi, napewa uso. Nilikuwa nakula heshima ya mtoto wangu, na ilikuwa inanikaba.

Nilimfuata Rula kwenye karakana yake nikamwambia nitasema. Akajibu bila kuacha randa yake kwamba nisiseme. Baba akimkasirikia yeye, ataishi. Akinikasirikia mimi, nani atamgeuza kitandani? Alishapima hata hilo.

Waliosema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe hawakusema lolote juu ya mama anayemwacha mwana alie kwa niaba yake. Siku ya saba nilipiga moyo konde. Nilimwita Rula, nikamkalisha kwenye kiti, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasema yote: duka, meza, kiwiko, machozi, na yale maneno ya muuzaji. Nilisema nikitazama vidole vya miguu ya mume wangu, maana usoni nisingeweza.

Kisha maneno yakaanza kuja, moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu augue sikumalizia sentensi yake.

"Nilijua," alisema. "Siku. Ile. Ya kwanza."

Rula akainua kichwa. Baba yake akaendelea, ilimchukua muda wa kuchemsha birika la maji, lakini alifika. Alisema alipokaa tu, kona ya kwanza, alijua springi ni laini mno. Miaka kumi na tisa ameikalia pikapu ile, anaijua kama anavyoujua mgongo wake. Alitaka kusema. Ila sisi wote tulikuwa tunatabasamu, na kabla neno halijapanda kooni tulikuwa tumeshapita kona tatu. Kilichomkasirisha si springi. Alikasirika kwamba mtoto wake amepima mguu wake kama mbao, na sasa anasikia mkewe amepima springi kama godoro, na hakuna aliyemuuliza dereva.

Halafu akanitazama mimi mshona magodoro, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. "Kitanda," akasema. "Usichokilalia."

Huo msemo kila mtu anaujua unavyomalizika. Kunguni walikuwa wangu. Nikacheka huku nalia, na Rula akafanya hivyohivyo, lakini yeye alijificha nyuma ya mkono.

Kesho yake Rula alileta springi nyumbani, jozi tatu, muuzaji kamwachia akachague. Tukazipanga sakafuni kando ya kitanda. Mume wangu akaketi, akakanyaga kila moja kwa mguu wa kushoto, ule mzima, huku mkono umeshika kitanda. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza barabara. Muda ulikwenda. Jua lilihama kutoka kwenye springi ya kwanza mpaka ya tatu na sisi tumekaa tu. Alizipita zile za njano alizozitaka Rula. Akasema ni ngumu, zinafaa, ila ni fupi mno, gari litachubua tumbo kwenye lile tuta. Akachagua jozi ya tatu, ngumu vilevile lakini ndefu zaidi. Na kile chuma cha nyuma kibadilishwe kiwe chembamba, gari lisiinue mkia wala kuinamisha pua.

Rula alipima, akapima tena. Akasema, "Baba, hizi zitatushusha vidole viwili tu. Vitabaki viwili."

"Hivyo viwili," alisema mume wangu, "niachieni. Mimi."

Ilichukua wiki saba. Sitakuambia zilikuwa nzuri. Aliinua mguu ule asubuhi na jioni, amelowa jasho, na mara kadhaa alinitukana mimi na cherehani yangu. Mara mbili nilimwambia Rula tuweke zile fupi za njano, na mara zote mbili Rula aliniuliza kama nimemuuliza dereva.

Siku alipopanda palikuwa na manyunyu. Mguu uligota ukingoni, ukarudi. Ukagota tena. Mara ya tatu ukavuka. Tukaondoka. Gari lilitetemeka, likatuhesabia kila kokoto, na kila lilipopiga kokoto mimi nilifungua kinywa nimwambie Rula apunguze, nikakifunga. Tulipolikaribia lile tuta, mume wangu aliinua mkono wa kushoto kidogo. Rula akabadilisha gia. Pikapu ikapanda, ikashuka, ikatulia palepale bila kupepesuka. Wao wawili hawakutazamana.

Mimi nimekaa katikati, mikono mapajani. Kunyamaza si kazi ndogo, mama mwenzangu. Anza kujifunza mapema.