Udongo ya Nishimwe juu ya uchaga

Mujukuu wangu Nishimwe alifika na moto, ile pikipiki ya kukodi, kutoka Kibua, kule Walikale, mufuko wa mawe kwa mapaja. Wenzake wakitoka kule wanaletea koko yao, bibi yao, nyama ya pori.

"Koko, usicheke. Ndani ya mawe hii muko nyama."

Akanionyesha kwa mikroskopi yake. Nikafunga jicho moja. Kumbe iko tunyama kweli, tudogo kupita chembe ya chumvi, kila kamoja na maganda mbili kama mbegu ya maharagi, na kapembe upande mumoja. Zamani tunyama tule twaliishi mu maji. Matope ikatufunika, ikageuka mawe, tabaka juu ya tabaka.

Sasa alitaka kujua kama mawe ya kilima yetu hapa Masisi iko na tunyama tule tule. Tunyama tukifanana, maji ilikuwa moja. Tusipofanana, kulikuwa kitu katikati, kama inchi kavu. Mémoire yake yote, kile kitabu cha kumaliza chuo, ilisimama pale. Professeur alimwambia bila tunyama twa Masisi asirudi.

Miye ile "asirudi" niliishika kwa moyo. Tangu mzee wangu afe na watoto wahamie Goma, nyumba hii inasema na mimi tu. Na Nishimwe kulikuwa kelele: anaponda mawe ya chokaa, anasafisha, anaimba vibaya. Mangaribi ninamutegea vitendawili.

"Nyumba yangu haina mulango wa kufunga. Mwenyewe aliisha kufa, nyumba ingali nzima."

"Ganda ya tunyama twangu!"

"Ilikuwa konokono. Lakini nakupatia."

Mawe ya chokaa haikutoa kitu. Ikabakia ile ingine laini, rangi ya majivu, inayopasuka kama kurasa za kitabu. Alichimba mufuko mumoja kwa ukingo wa barabara, kisha mvua ikabomosha ukingo wote. Kwa sababu ilikuwa mbichi, niliipandisha juu ya uchaga, moshi wa jiko uikaushe.

Sasa, kwetu hapa, udongo gani inakaushwa kwa moshi? Ile ya kula, ya wamama wenye mimba. Jirani yangu Pétronille, tumbo lishamutangulia mulangoni, alikuwa anakuja kuomba moto. Aliona mufuko, akajua ni miye nimemuwekea. Kila akija, anavunja kipande.

Siku Nishimwe alishusha mufuko, mulikuwa vumbi tu ya moshi. Tukamwita Pétronille.

"Mama Pétronille, ulikula mémoire yangu!"

"Miye? Nilisema koko ananihurumia! Na haikuwa hata tamu."

"Ulikula yote?"

"Basi mutoto atazaliwa na diplome."

Nishimwe aliingia ndani. Nikamusikia analia kwa kitambaa, vile alikuwa analia angali mudogo.

Pétronille akaona haya. Akafungua fundo ya kitenge chake, akaniwekea kitu kwa kiganja: kipande kimoja, alama ya meno upande mumoja. "Nilikibakishia njia, nikitafune nikienda," akasema pole pole, akaenda.

Nikafunga kiganja. Nishimwe hakuona. Kama ningekitupa mu moto, angebakia. Angelia, kisha angezoea. Angelima pamoja na mimi. Kipande kikapata joto ya mukono wangu. Ndani angali analia.

"Nishimwe," nikaita, "lete basini ya maji."

Alikiloweka mpaka kikawa matope, akachuja na kichungio chake, akakausha, akainama juu ya mikroskopi. Nikashindwa kungoja.

"Iko?"

"Iko, Koko! Lakini haina kapembe. Hata moja. Haikuwa maji moja na ya Kibua."

"Basi umeshindwa?"

"Hapana! Hiyo njo jibu lenyewe. Tunyama twa Kibua na twa hapa tuliishi wakati mumoja, na hatukujuana."

Akanikumbatia, matope yote kwa nguo yangu. Asubuhi pikipiki ikamuchukua. Alinipungia mukono mpaka kona ya chini.

Mangaribi nikakaa kwa jiko. Nilikuwa na kitendawili kipya, kizuri. Pétronille akaingia kuomba moto. Akainua macho kwa uchaga.

"Hakuna tena?"

"Hakuna. Kaa kidogo, mama, nikutegee kamoja."

"Kesho, Koko. Watoto wanangoja moto."

Akabeba kaa lake jekundu ndani ya kigae, akaenda.