Kilima cha Nyuma ya Shule

Theluji ya Machi 1999 iliwakuta Silvanus na binti yake Edna hawajazoeana bado.

Edna alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amefika Novemba, akiongozana na mama mmoja wa kanisani, na tangu siku hiyo alimwamkia baba yake kila asubuhi kwa heshima zote, akala alichopikiwa, akaosha sahani yake na kurudi chumbani. Hakuwahi kumkosea hata mara moja. Hilo ndilo lililomuuma Silvanus. Alimwacha Himo akiwa na miaka minne, mama yake akiwa amefariki, akamkabidhi kwa bibi. Karibu miaka mitano, akipanga maboksi kwenye ghala huko Hyattsville, Marekani, alikuwa akimsubiri yule mtoto aliyempanda mgongoni. Aliyekuja alikuwa mgeni mwenye adabu.

Asubuhi hiyo shule zilifungwa na ghala nalo likafungwa. Jirani yao wa hapo Adelphi, Kibet, Mkenya wa Kericho, aligonga mlango akiwa na binti yake Cherono na chombo chekundu cha plastiki cha kutelezea, kipana kama beseni la kufulia.

"Silvanus, lete mtoto twende kwa ile hill ya shule. Ukikaa kwa nyumba leo utaboeka."

Kilimani watoto walikuwa wamejaa, wakiteremka kwa makelele. Edna alisimama ndani ya koti lililomzidi, mikono ameikunja kwapani.

"Unaogopa?" Silvanus alimuuliza.

"Hapana, baba."

"Unataka kujaribu?"

"Ndiyo, baba."

Akaenda kama mtu aliyetumwa dukani. Katikati ya mteremko chombo kilipinduka, akabingirika, akainuka na theluji mdomoni, analia: "Bibi! Bibi yangu!"

Silvanus alikimbia, akateleza, akafika kwa makalio. Alipotaka kumshika, Edna akamsukuma.

"Na mimi ninamkumbuka bibi," Silvanus alisema.

"Humkumbuki! Ungekuwa unamkumbuka ungekuja. Ulisema utakuja Krismasi. Ulisema kwenye simu, pale kwa Mzee Dunstan. Bibi akanishonea gauni, nikakaa barabarani tangu asubuhi. Watu wanashuka kwenye mabasi ya kutoka Dar, kila mtu anapokelewa na wa kwao. Mwaka mwingine ukasema tena. Nikakaa tena."

"Na mwaka wa tatu?"

"Bibi alinikataza. Nikatoroka, nikakaa."

Silvanus aliketi palepale kwenye theluji, suruali ikilowa. Aliikumbuka simu ile: kadi inakaribia kwisha, mtoto analia upande wa pili, naye hana neno jingine la kumnyamazisha. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angevaa gauni kwa ajili ya neno lile.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilijua siji. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, na ningeondoka nisingeruhusiwa kurudi. Lakini nilipaswa kukuambia ukweli. Nisamehe, mwanangu."

Kwa mara ya kwanza tangu Novemba, Edna alimtazama usoni.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Edna hakusema amesamehe. Alifuta kamasi kwa glovu.

"Gauni lilikuwa la rangi gani?" Silvanus aliuliza.

"La njano. Lina mfuko hapa."

Alitaka kujua yote. Nani alimsuka nywele siku hiyo? Mvua ilinyesha? Alikula nini huko barabarani? Edna alijibu moja baada ya jingine, kwanza kwa hasira, kisha kwa kusimulia tu. Alisimulia jinsi kondakta mmoja alivyompa ndizi akidhani amepotea. Silvanus alisikiliza akitamani, kwa uchungu ambao hakuwa na pa kuupeleka, angekuwa yeye aliyeshuka kwenye basi lile.

"Edna, it's your turn!" Cherono aliita kutoka juu.

Edna alisimama, akajikung'uta theluji, akapanda. Kule juu alikitazama chombo, kisha baba yake.

"Wewe kaa mbele," alisema. "Mimi nitakushika."

Silvanus alijikunja akaenea nusu. Kibet akawasukuma huku akicheka. Hawakufika mbali, uzito uliwazidi, wakakwama katikati ya kilima. Edna hakuliachia koti la baba yake. Silvanus naye hakugeuka, asije binti akaachia.