Rafiki wa Stelingi

Kila Jumamosi alasiri, mteja wa mwisho akishaondoka, msusi alifunga mlango wa saluni na kugeuza viti vyote vitazame tivii iliyotundikwa juu ya sinki. Ndipo walipoingia wenzake wa sinema za Kihindi. Alikuwapo Mama Leso, mtu mzima aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna harusi ya sinema iliyowahi kumwacha na macho makavu. Alikuwapo fundi miwani wa jengo la jirani, rafiki wa mume wa msusi, mtu wa maneno mengi aliyejua kila mwigizaji kaoa nani na kaachana na nani. Pembeni alikaa wifi yake msusi, mdogo wa mumewe, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa ng'ambo ya barabara. Yeye alitazama huku akikunja taulo.

Siku hiyo sinema ilikuwa ya mapenzi na vichekesho. Kijana anampenda binti, binti hamtaki. Kijana anamfuata kazini, anamfuata kwao, anamfuata hadi hospitali alikolazwa bibi yake, na kote huko anaimba. Mwishowe binti anacheka, wanaoana.

"Msikilizeni mchambuzi huyu," fundi miwani alisema, akisoma kwenye simu. "Katoa nyota zote! Anasema, 'Huu ndio moyo usiokata tamaa.' Huyo mwanamume mwenzangu. Sasa msikilizeni huyu mwanamke wa gazetini: 'Ondoa muziki, kinachobaki ni kesi ya polisi.'"

"Huyo hajapendwa huyo," alisema Mama Leso, akipenga kamasi. "Wenzake wanakwenda kucheka, yeye anakwenda kutafuta makosa."

Msusi naye alicheka. Hakumpenda yule mwandishi, alimwona mtu wa kuwatilia wenzake mchanga kwenye starehe.

"Alimkataa mara ngapi?" wifi aliuliza.

"Nani?"

"Huyo binti. Kabla hajacheka."

"Ah, dada, kule si kukataa," fundi miwani alisema. "Kule ni kuringa. Asiporinga, sinema itatoka wapi?"

Msusi alimwona wifi anakunja taulo, anaikunjua, anaikunja tena ile ile. Alitaka kumuuliza ana nini, lakini Mama Leso akaomba warudishiwe wimbo wa mvua, jambo likapita.

Jumamosi iliyofuata, kabla hawajaketi, spika ililia nje kwa kishindo. Wakatoka.

Bango kubwa la turubai lilikuwa limening'inizwa mbele ya saluni, kamba moja kwenye nguzo ya taa, nyingine kwenye nondo za dirisha. Juu yake ulikuwa uso wa wifi. Alivaa koti lake jeupe, chupa ya dawa mkononi, akimtabasamia mteja fulani. Ilikuwa picha ya kuibia. Chini yake maandishi mekundu yalisema: SEMA NDIYO. Na chini ya maandishi, kapiga goti aliyelichora, mchora mabango mwenye karakana pale mtaani, shati limepigwa pasi, maua mkononi. Watu walikwisha kujaa, simu juu.

Wifi alisimama mlangoni.

"Nimeshakuambia sikutaki," alisema. "Nimekuambia dukani, nimekuambia kwenye kituo cha basi, nimekuambia mbele ya bosi wangu. Nikabadilisha njia ya kurudi nyumbani, ukaijua. Nani anakuambia?"

Watu wakaguna. "Roho ngumu hiyo!" mmoja akapaza sauti. "Mpe nafasi basi!"

"Maskini, tazama anavyopenda," Mama Leso alinong'ona, leso machoni.

Mchora mabango hakuacha kutabasamu. "Haya ni mapumziko ya sinema tu, mrembo," alisema. "Sehemu ya pili inakuja."

Umati ukaangua kicheko. Nyuma yake msusi alisikia kicheko anachokijua. Fundi miwani alikuwa anarekodi, meno yote nje.

"Shemeji, picha ile nimepiga mimi," alisema. "Imetoka vizuri, ee? Na njia anazopita nilimpa mimi. Kila stelingi wa sinema si ana rafiki yake?"

Alisema kama mtu anayengoja kushukuriwa. Msusi akakumbuka fundi miwani alivyokuwa akichungulia saluni: dada leo anarudi na nani, anapitia wapi? Naye, mikono imo kwenye nywele za mteja, alikuwa akimjibu bila kufikiri. Alijisikia mchafu mwili mzima.

Aliingia ndani, akatoka na mkasi, akapanda kiti na kuikata kamba. Bango likamwangukia mchora mabango na maua yake. Watu walizomea.

"Shemeji, unaharibu!" fundi miwani alilia.

"Usiniite shemeji tena. Na mguu wako usikanyage hapa."

Katika kituo cha polisi, askari aliwasikiliza huku akichokonoa jino. "Amekupiga? Amekutukana? Basi anakupenda tu," alisema, akacheka. Mwishowe bosi wa duka la dawa alimhamishia wifi tawi lingine, mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mchora mabango alibaki na karakana yake pale pale. Video ilizunguka, na watu wasiomjua wifi waliandika chini yake kwamba anaringa.

Mama Leso alikuja siku moja, akasimama mlangoni. "Mwanangu, mimi sikujua kama wifi yako hamtaki."

"Ulikuwa umesimama pale, mama," msusi alimjibu. "Alisema kwa sauti."

Mama mtu mzima akageuka, akaondoka.

Msusi alitaka kuiuza ile tivii. Wifi ndiye aliyekataa.

"Mimi nazipenda sinema hizi," alisema. "Nazipenda nyimbo, nazipenda nguo. Wameshaninyang'anya kazi yangu ya karibu na nyumbani. Na hizi pia wachukue?"

Akaketi kiti cha katikati, akawasha. Msusi alijaribu kukaa naye. Kijana alipotokea nyuma ya ua, akimchungulia binti na ngoma zikianza, msusi aliinuka, akafungua maji ya sinki na kuanza kuosha vitana, uso wake ukitazama ukutani.